Mama Aliyemzidi Mfalme Kimo

Vijana mnaofundisha sataranji hapa Newala na kule Masasi mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijaanza kusahau. Sijaanza. Nimestaafu juzijuzi nikiwa na akili zangu zote, meno yangu karibu yote, na diploma yangu ukutani ndani ya kioo. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini, na akipata jibu aje anieleze na mimi. Nitaandika habari za kete, za watu walionifundisha, na za mchezo mmoja uliochezwa Masasi, ambao tangu siku ile nimekuwa nikipongezwa kwa kuushinda na kupewa pole kwa kuupoteza, pengine na mtu yule yule katika mazungumzo yale yale. Mimi ndiye bingwa wa kwanza wa sataranji katika uwanda huu, na kitabu cha kuufundisha mchezo huo kwa Kiswahili nimekiandika mwenyewe, na bado sijui nani alishinda.

Nilizaliwa ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo watu wanakaa juu na maji yanakaa bondeni. Vita vilipokuja nilikwenda kama karani wa jeshi, nikafika mpaka India. Nililala hospitali huko kwa homa, na katika kitanda cha jirani alikuwako koplo mmoja mwenye ubao wa sataranji na mguu uliovunjika. Hakuwa na pa kwenda, nami sikuwa na pa kwenda, basi nikajifunza. Nilipotoka pale nilikuwa namshinda. Baada ya vita nikapata nafasi ya kusoma ualimu Uingereza, nikarudi na diploma, na katika chuo chetu hapakuwa na mtu aliyekaa ubao wa kwanza, ule wa mchezaji bora, isipokuwa mimi. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali kwa kuwa ni kweli na hakuna mwingine hapa wa kulisema.

Nilijitengeneza mwenyewe. Baba alikufa ningali mdogo, wala hakuna tajiri aliyenishika mkono. Dada yangu mkubwa, Mama Kasimu, kila akinisikia nikisema hivyo huuliza, "Na maji uliyokuwa unaogea kwenda shule, yalipanda mlima yenyewe?" Swali hilo sijalijibu, kwa sababu linaulizwa siku zote mbele ya wageni.

Huko Uingereza mwalimu wangu hasa hakuwa wa chuoni. Alikuwa mzee mwenye nyumba niliyopanga, mwashi aliyestaafu, mtu wa maneno machache sana. Tulicheza naye jioni za baridi karibu na moto. Kila nilipotaka kusogeza kete upesi aliniambia, "Kalia mikono yako." Hakuwa na maana nyingine: niweke mikono chini ya mapaja, niikalie, nitazame ubao. Nimesoma vitabu vingi vya sataranji na nimeandika kimoja, lakini shauri bora kuliko hilo sijaliona. Wafundisheni wanafunzi wenu kukalia mikono. Wakilalamika kwamba mikono inakufa ganzi, waambieni bora mikono kuliko mfalme.

Nilirudi kwa meli mpaka Lindi, kisha kwa lori mpaka Masasi, kisha kwa lori jingine lililopanda mlima wa Newala likilia kama mtu aliyefiwa. Nikapewa shule, na shuleni nikaomba chumba kimoja cha pembeni kwa ajili ya chama cha sataranji. Watu wazima waliruhusiwa kuja baada ya kazi: walimu, makarani, wakulima wa mihogo na korosho. Walikuja wengi siku ya kwanza, kwa sababu walisikia kwamba Mwalimu Selemani amerudi kutoka Ulaya na mchezo.

Tatizo lilikuwa vyombo. Nilikuwa na ubao mdogo wa safari tu, wenye kete kama punje za mtama, na watu wazima waliugombea kama kuku. Nikaenda kwa Fundi Lukasi, mchongaji aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, mtu ambaye alijua kwamba hakuna mchongaji mwingine kama yeye na hakungoja kuambiwa. Nikamchorea kete zote kwenye karatasi, nikamweleza kila moja: mfalme, malkia, padre, farasi, ngome, na askari wa mbele. Nusu nyeusi kwa mpingo, nusu kwa mti mweupe.

Nilipokwenda kuzichukua nilisimama mlangoni nikizitazama. Zilikuwa nzuri. Lakini farasi alikuwa paa.

"Farasi sijawahi kumwona," Fundi Lukasi akasema. "Si ulisema anaruka? Paa anaruka."

Hilo nikalikubali. Padre alivaa kanzu ndefu na kichwa kitupu, hivi kwamba Wakristo wa chama walimwita padre na Waislamu walimwita shehe, na hapajatokea ugomvi. Nawashauri msiwabadilishe. Shida ilikuwa wale wakubwa wawili wa katikati. Mmoja alikuwa mwanamke mrefu kuliko kete zote, ana chale usoni na ndonya, kile kisahani cha pambo, katika mdomo wa juu, amesimama kama dada yangu anapongoja mtu amweleze kwa nini amechelewa. Pembeni yake alikaa kijitu kifupi kwenye kigoda.

"Huyu mkubwa ndiye nani?" nikauliza.

"Mama."

"Na mfalme?"

"Huyo hapo amekaa."

"Fundi, mfalme ndiye mkubwa. Nilikuchorea. Mfalme akifungwa, mchezo umekwisha."

Fundi Lukasi akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, umekaa Ulaya muda mrefu. Mfalme akifa, mpwa wake anakaa. Mama akifa, ukoo umekwisha. Nitamfanyaje mdogo?"

Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akiondoka anayekaa mahali pake ni mtoto wa dada yake. Nami nalijua tangu kuzaliwa. Lakini nilikuwa sijawahi kuliona juu ya ubao wa sataranji, na nikababaika. Nikazichukua kete vile vile, nikidhani kwamba urefu wa kete si kitu ilimradi mchezaji ajue sheria. Katika kitabu changu sentensi hiyo imo. Sijaifuta, lakini siisomi kwa sauti.

Somo la kwanza nilifundisha namna mfalme anavyofungwa. Nikamweka kwenye kona, nikamzuia huku na huku, nikasema, "Hana pa kwenda. Amekufa. Mchezo umekwisha."

Mkulima mmoja, Baba Zuhura, akanyoosha mkono. "Hana mpwa?"

"Hakuna wapwa katika sataranji."

"Na hawa wadogo mbele yake?"

"Askari."

"Askari bila ukoo?" Watu wakacheka. "Wametoka wapi basi?"

Jua lilikuwa linazama, nami nilitaka kufika kwenye mwendo wa paa. Nikasema, "Haya, tuseme ni wapwa zake. Tuendelee."

Tukaendelea. Siku chache baadaye nikakuta watu wawili wanacheza mchezo ambao, kwa macho yangu, ulikuwa umekwisha zamani. Mfalme mweusi amelala kando ya ubao. Katika mraba wake amekaa askari mdogo, na mwenye weusi anacheza kwa raha zake.

"Huyu amefungwa!" nikasema.

"Amefungwa, ndiyo. Mpwa amekaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama atoke," Baba Zuhura akanijibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni.

Nikakataza. Nikaandika sheria kwa chaki, nikaonyesha diploma. Mbele yangu walicheza kama nilivyofundisha. Nikitoka kwenda kunywa chai, wapwa wakaanza kukaa. Hata askari anayefika mstari wa mwisho na kugeuka malkia, jambo lililowashinda wanafunzi wa kila mahali nilipofundisha, hapa halikumshangaza mtu. "Kumbe huyo alikuwa mpwa wa kike," walisema, na wakaendelea. Nilikaa pale nikiwaza kama mimi ndiye ninayefundisha au ninayefundishwa, na ni kitu gani.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Kasimu, mwalimu msaidizi wa shule yetu, mtoto wa dada yangu yule yule. Sikumpendelea. Nilimkalisha kwenye mikono yake kuliko mtu yeyote. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa ulimi, na ubaoni alicheza kama anayetafuta kitu alichokidondosha mwenyewe. Alicheza kwa sheria zangu, za kweli. Nilimfunza kwa bidii hasa jambo moja gumu: kumtoa malkia kwa makusudi ili kumfunga mfalme wa mwenzako. Kila mara aliniambia, "Mjomba, hilo naliona. Mkono ndio unakataa."

Kisha ikaja habari ya magunia. Korosho zilikuwa zimeongezeka na ghala lilikuwa halitoshi. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mwingereza kijana aliyekuwa na Kiswahili kizuri cha kitabuni, akaja kukitazama chumba chetu. Akapima kwa hatua. Akasema chumba kikavu kama hiki ni nadra.

"Bwana, hiki ni chama cha sataranji," nikamwambia.

"Naam, Mwalimu. Lakini je, chama hiki kina manufaa? Nasikia Masasi pia wanacheza. Basi mcheze nao. Mkishinda, nitaweza kuandika kwamba kinawaelimisha watu. Mkishindwa, itabidi magunia yaingie."

Ndivyo kazi yangu yote ilivyowekwa juu ya mchezo mmoja. Kwa kawaida ningeucheza mwenyewe na habari ingeishia hapo. Lakini Masasi, ambao mchezo uliwafikia pamoja na wapwa wake, walikataa katakata kucheza na mtu mwenye diploma, na kusema kweli siwalaumu. Wao walimtoa Karani Pinto, Mgoa aliyezaliwa Masasi, mwenye miwani minene na tabia ya kuimba puani akifikiri. Sisi tukamtoa Kasimu. Bwana Shauri angekuwa mwamuzi, maana yeye aliijua miendo ya kete, ingawa si zaidi ya hapo.

Tukashuka na lori, chama kizima, pamoja na wake na mama na mtu mmoja aliyekuwa anakwenda Mkomaindo kutibiwa jino akaona apitie. Mama Kasimu alikaa mbele na dereva. Kete zilikuwa zetu za Fundi Lukasi, kwa kuwa za Masasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukumbi ulijaa, Wayao na Wamakua upande mmoja, sisi upande wa pili, na utani ukaanza kabla hata ubao haujafunguliwa.

"Wapeni maji kwanza wanawe mikono!" akapaza sauti mtu wa Masasi. "Watu wa juu hawa, watatuchafulia ubao kwa vumbi!"

"Ninyi mna maji," Baba Zuhura akajibu, "tena mmekunywa mengi, ndiyo maana vichwa vinaelea!"

Mchezo ukaenda vizuri. Pinto aliimba puani, Kasimu alikalia mikono. Walibadilishana paa, wakabadilishana padre, na polepole nikaanza kuona kitu ambacho Pinto hakukiona. Mfalme wake alikuwa amekaa mstari wa mwisho, na askari wake mwenyewe walisimama mbele yake wamemziba mlango. Kasimu angemwingiza malkia mpaka mstari ule. Ngome ya Pinto ingelazimika kumla. Halafu ngome yetu ingeingia, na mfalme yule hana pa kwenda. Miendo miwili tu na chumba ni chetu.

Kasimu naye aliona. Nilijua kwa sababu aliacha kutabasamu. Aliinua macho akamtafuta mama yake, ambaye alikuwa amekaa benchi la mbele, ndonya yake inang'aa, anamtazama yule mwanamke mrefu wa mpingo kama anayetazamana na jirani. Kasimu akakalia mikono muda mrefu. Kisha akautoa mkono mmoja, akamshika mama, akamweka mstari wa mwisho mbele ya ngome ya Pinto.

Pinto akaacha kuimba. Akamla.

Ukumbi ukalipuka. Masasi walisimama wakipiga vigelegele. "Mama ametoka! Mama wa Newala ametoka!" Watu wetu waliguna kwa sauti moja, wakaanza kutafuta viatu vyao. Baba Zuhura alivaa kofia. Katika kelele zile Kasimu alisogeza ngome, na mfalme wa Pinto akafungwa kabisa, safi, kama katika kitabu changu. Nilitazama kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa anatazama ubao isipokuwa mimi, Pinto na Bwana Shauri.

"Tumeshinda!" nikapiga kelele. "Mfalme amekufa! Tazameni!"

"Mpwa wake yupo," akanijibu mzee mmoja wa Masasi, kwa upole. "Wapo hapo hapo mlangoni, wote wazima. Ninyi mama yenu yuko wapi?"

Bwana Shauri alikuwa amesimama, mwekundu, penseli mkononi. Akawauliza watu wa Masasi nani ameshinda. Wakasema wao. Akawauliza watu wa Newala. Wakasema Masasi, Bwana, bila shaka. Akamgeukia Pinto.

"Mimi nimeshindwa," Pinto akasema. "Mfalme wangu amefungwa. Sheria ni sheria."

Bwana Shauri akashusha pumzi, akamgeukia Kasimu. Nikamwangalia mpwa wangu. Mdomo mmoja, neno moja, na miaka yangu ilikuwa humo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amempa mgongo.

"Nami nimeshindwa, Bwana," Kasimu akasema.

Sitaandika nilichosema hapo. Bwana Shauri akawauliza tena wote wawili, taratibu, kama wanaosikia kwa shida. Pinto akasema ameshindwa yeye, na akaanza kukasirika kwamba anakataliwa kushindwa. Kasimu akasema hapana, yeye. Wakabishana. Masasi wakamzomea Pinto kwa kuwaharibia ushindi. Mwishowe Bwana Shauri alikaa chini, akaagiza chai, akanywa kikombe kizima. Kisha akatoa uamuzi ambao mpaka leo nauzungusha kichwani: kwa kuwa mshindi hajulikani, jambo haliwezi kufungwa, na chumba kitabaki kama kilivyo mpaka pande mbili zitakapokubaliana. Magunia yakapelekwa kwenye banda la malori. Pande mbili hazijakubaliana.

Kurudi, dada yangu alikaa nyuma pamoja nasi, hakutaka kiti cha mbele.

"Dada, chumba tumekipata," nikamwambia.

"Kasimu," akasema, kana kwamba si mimi niliyenena, "umemtoa mama yako mbele ya Wayao wote."

"Ni kete, mama."

"Kete yenye uso wangu. Nani alikufundisha?"

Kasimu alinitazama tu, nami nikatazama vumbi la barabara. Tulipofika juu dada akasema, "Lakini mwishoni ulisema kweli," na akampa mwanawe mkono amshushe. Kweli ipi? Nilitaka kuuliza, nikaona lori zima linatikisa kichwa kukubali, nikashuka mwenyewe.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo. Nimefika Chidya na Lisekese na ubao kwapani, nimesahihisha wachezaji ambao sasa wananishinda kwa nadra. Sura ya mwisho ya kitabu changu, inayohusu mwisho wa mchezo, nimeiandika na kuichana mara nyingi, na kama mmegundua kwamba kitabu kinaishia katikati, hiyo ndiyo sababu.

Siku niliyostaafu nilieleza wazi kwamba atakayekaa katika kiti changu awe mtu mwenye diploma, na kwamba nimeomba atafutwe. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha, kwa kuagana, wakaomba nicheze mara moja na Kasimu. Alikuwa amefunga ndoa kwa wakati huo na ana mvi mbili tatu, lakini alicheza vile vile. Mimi nilikuwa nikifikiria hotuba. Nilipozinduka mfalme wangu alikuwa mstari wa mwisho, askari wangu wamemziba mlango, na ngome ya Kasimu imeingia.

Nikasimama kumpa mkono, kama ilivyo desturi ya wachezaji dunia nzima.

"Mbona unasimama?" dada yangu akauliza. Sasa macho yake ni mabovu na hukaa karibu kabisa na ubao.

"Nimekufa, dada. Kasimu amenifunga."

Akapapasa ubao, taratibu, mpaka akamfikia yule mwanamke mrefu, mzima, yuko mahali pake. "Mama huyu hapa," akasema. "Kaa. Huna mpwa?"

Nikamtazama Kasimu nikitumaini atanicheka, tumalize. Hakucheka. Alikuwa amekalia mikono yake, anangoja. Nikakaa. Sijui ni kitu gani kilichoniongoza. Nilimchukua mfalme wangu mdogo na kigoda chake nikamlaza kando, nikamshika askari mmoja nikamweka mahali pake. Kasimu akatazama ubao kitambo, akasogeza paa.

Jua likatua tukaachia hapo. Hakuna aliyeondoa kete. Siku hizi Kasimu ndiye anayefungua chumba asubuhi na kukaa kitini, na habari za yule mwenye diploma sijazisikia tena. Nikipita naona ubao uko vile vile dirishani. Nadhani ni zamu yangu. Husimama pale nje, nikautazama, na nikatafuta mahali pa kukalia mikono yangu.